Kalafati ya Nchi ya Chai

Usiku wa kwanza niliolala katika gari langu la safari, nimeegesha kando ya mashamba ya chai nje ya mji wa Kericho, tone la kwanza liliniangukia shingoni. Nikahamisha godoro. La pili likanikuta shavuni. Kulipokucha nilinunua silikoni dukani, nikapaka kila palipokuwa na ufa, nikajiona fundi. Wiki haikuisha, matone yakarudi.

Mzee wa jua kali niliyeelekezwa kwake alipanda juu ya paa, akaikwaruza kazi yangu kwa ukucha, ikabanduka kama utando wa maziwa. Akaninusisha kidole chake. Siki.

"Hii ya siki inakula bati, kijana. Na rangi haiwezi kushika juu yake. Gundi nyingine nayo haiwezi."

Kumbe kabla ya kuziba kuna kuondoa, na kuondoa ndiyo nusu ya kazi. Siku nzima ya kwanza alikwangua, akapiga msasa, akafuta kwa spiriti na kitambaa safi. Nilikuwa nimelipia kuzibiwa, nami nikaona ninacheleweshwa.

Kule Lamu kazi hii ina jina lake: kukalafati. Pamba iliyoloweshwa mafuta hupigiliwa katikati ya mbao za jahazi, na chombo kikishushwa majini mbao hufura na kuibana. Maji yenyewe humsaidia fundi. Bati halina huruma hiyo. Halifuri kwa maji, ila hutanuka kwa joto na kunywea kwa baridi, na Kericho, kama mita 2,000 juu ya bahari, ina jua kali la asubuhi na usiku wa kujifunika blanketi mbili. Paa la alumini la mita 4, joto lake likipanda nyuzi 30, huongezeka karibu milimita 3. La chuma huongezeka nusu ya hiyo. Mahali alumini inapokutana na chuma, kila moja inavuta kwake, na gundi imekaa katikati kama mke wa mjomba kwenye kesi ya shamba.

Kwa hiyo swali la mzee halikuwa gundi ipi ina nguvu. Lami ya kopo ina nguvu siku ya kwanza, kisha hukauka, hupasuka, na jua likizidi huchuruzika hadi kioo cha mbele. Alichotafuta ni gundi inayonyumbulika bila kuachia. Kwenye viungo virefu vya paa alichagua poliyurethani, kwa sababu hushika chuma, huvutika, na hupokea rangi. Rangi hiyo si ya urembo, maana jua huifanya poliyurethani kuwa unga unga isipofunikwa. Chini ya fremu ya dirisha na kwenye kila skrubu aliweka utepe wa butili, laini kama ugali wa wimbi uliopoa, usiokauka miaka mingi. Silikoni? Kuzunguka sinki la ndani, alisema, na hata huko alikunja uso.

Kilichonivutia zaidi ni jinsi alivyoutafuta mwanya. Tone lilikuwa likidondoka juu ya kitanda; yeye hakukigusa kitanda. Aliniketisha ndani na tochi, kijana wake akamwaga maji kwa kopo kuanzia chini ya mlango, akipanda polepole, pembe moja baada ya nyingine. Ukianza juu, aliniambia, maji yatateremka na kukudanganya kila mahali. Yaliingilia kwenye riveti moja ya reli ya mizigo, mkono mzima kutoka kitandani, yakatambaa ndani ya ubavu wa paa hadi yalipochoka.

Saa nazo alizichagua. Ukanda huu hupata mvua alasiri, upepo wa Ziwa Victoria unapopanda na kukutana na hewa ya nyanda za juu, na si maji tu: Kericho hutajwa miongoni mwa sehemu zinazopata siku nyingi za mvua ya mawe duniani. Asubuhi umande umelala kwenye bati. Basi muda wake wa kuziba ulikuwa kati ya saa nne na saa saba. Ajabu ni kwamba poliyurethani huiva kwa unyevu wa hewani, huku ikikataa kabisa kushika bati lenye unyevu; mzee alikuwa akilipapasa kwa nyuma ya kiganja, jinsi mama anavyopima homa.

Alibandika utepe wa karatasi pande mbili za kiungo, akaminya gundi kwa mwendo mmoja bila kupumzisha mkono, akailaza kwa kidole, akaubandua utepe kabla gundi haijaota ngozi. Mstari ukabaki mnyoofu kama safu ya chai iliyopogolewa.

Saa tisa na nusu mawe yakaanza. Tulijificha ndani ya gari na chupa ya chai, kelele juu yetu kama mahindi yanamwagwa kwenye karai. Mimi niliangalia juu. Mzee alikuwa amepiga magoti, mkono chini ya godoro, akipapasa kwenye kona ambayo sikuwahi kumwonyesha.