Mtandio wa Uzi wa Mkono

Wako wanaodhani kwamba ufumaji wa nguo ni ufundi wa kigeni, ulioletwa kwetu pamoja na vyerehani. Dhana hii husikika hata madarasani. Sisi tunaoandika tukiwa hapa Njoro, Moshi, twaona yafaa ipimwe kwa ushahidi.

Ushahidi wa kwanza umo ardhini. Kilwa Kisiwani, uchimbaji ulioongozwa na Neville Chittick katika miaka ya 1960 ulifukua vigae vya mviringo vyenye tundu katikati, vilivyotia uzito vijiti vya kusokotea uzi. Wa pili umo katika maandiko. Mwanzoni mwa karne ya 16 Mreno Duarte Barbosa aliandika kwamba Waislamu wa Sofala walifuma nguo nyeupe za pamba. Na kwa kukosa ujuzi wa kutia rangi, walifumua nguo za buluu za Cambay wakazichanganya na nyuzi zao. Wa tatu umo vinywani mwetu: mtande ni uzi uliotandwa, mshindio ni ule unaoukata, na chombo ni kitanda cha mfumi. Mtandio, mtande na kitanda vyote vimezaliwa na kitenzi kutanda. Lugha haihifadhi majina ya kazi isiyofanywa.

Kilichodhoofisha ufundi huu ni biashara. Katika karne ya 19 merikani, nguo ya viwanda vya Marekani, ilienea kutoka Unguja hadi bara. Hata hivyo wafumi wa Ufipa waliendelea kufuma pamba yao hadi karne ya 20.

Lakini uzalendo usitufundishe uongo. Wachaga wa kale walivaa ngozi. Mwanafunzi wa Njoro afumaye mtandio asiambiwe kwamba anarudia kazi ya babu zake mlimani. Aambiwe kwamba anapokea urithi wa Kilwa na Ufipa, ulio wake kwa kuwa taifa ni lake. Mwacha asili ni mtumwa. Naye anayejizulia asili hajawa huru.

Tena kazi yake isisifiwe kwa kuwa ni ya jadi tu. Uzi wa mkono kutolingana unene si kasoro, bali ndio uzuri wake. Kasoro ni mtande usiosokotwa ukakaza, kwa maana utakatika kitandani kabla ya nguo kwisha. Mwalimu na auvute uzi huo kwanza, ndipo atoe sifa.