Sifa za Kigae

Neno kigae lina maana mbili, na baina ya maana hizo mbili ndipo inapoishi kazi ninayotaka kuisifu. Wazee waliita kigae kipande cha chungu kilichovunjika, kile ambacho mwenye nyumba alikishika alfajiri akaenda kwa jirani kuomba kaa la moto. Na sisi wa leo twaita kigae bamba la udongo uliochomwa na kung'arishwa, linalouzwa kwa boksi na kutandazwa sakafuni kwa fahari. Vipi kitu kizima na kitu kilichovunjika vikashirikiana jina moja bila ya kugombana ni suala la wanazuoni wa lugha. Mimi najua tu kwamba mtu aketiye chini na nyundo, akavunja kigae cha pili ili apate kigae cha kwanza, kisha akavipanga vipande vile juu ya meza iliyokwisha kukatiwa tamaa, hatoki nje ya neno hata hatua moja.

Nimeifanya kazi hiyo Majimoto, katika bonde la Ziwa Rukwa, mkoani Katavi, mahali palipopata jina kwa chemchemi zitokazo ardhini zikiwa tayari na moto wake, kwa sababu bonde lile ni sehemu ya Bonde la Ufa, na nchi iliyopasuka haikosi kuvuja joto. Ni nchi ya mpunga. Mavuno yakiwa mema na bei ikikubali, nyumba ya tope hubomolewa ikasimama ya matofali ya kuchoma, paa la nyasi likawa la bati, na barazani vikaingia vigae. Vile nilivyovipata mimi vilishushwa kwanza Mpanda, mji ambao reli iliufikia mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi, vikapakiwa tena katika lori, vikavuka Mto Katuma pale Sitalike mbele ya macho ya viboko, vikapenya msitu wa Hifadhi ya Katavi; na kwa safari yote hiyo, hakuna boksi lililofika bila ya kulia ndani. Tena, kwa kuwa hakuna fundi aliyewahi kujenga chumba kwa kipimo cha kigae, kila sakafu ikimalizika huacha nyuma ya nyumba lundo la vipembe vilivyokatwa, vyeupe, vya rangi ya maziwa, vya kahawia, ambavyo kuku huvichakura wakaviacha na watoto hujikata navyo nyayo. Hilo ndilo ghala langu, na bei yake ni salamu.

Ama samani ya uani haina bahati ya samani ya sebuleni. Kiti cha plastiki hupasuka mgongo kikashonwa kwa waya. Benchi ya mninga, mti ambao mijini hulipiwa fedha nyingi, huku huachwa nje tangu mvua za Novemba hadi za Aprili, na mvua zikiisha hukabidhiwa jua na mchwa. Kwa benchi kama hiyo ndiko nilikoanzia, na sina budi kukiri nilivyoharibu. Nilipaka saruji juu ya ubao mtupu, nikapachika vipande kwa mikono yenye haraka, nikaalika watu waje kuona, nao wakasema inafanana na zulia. Mvua za wiki ya tatu zilipouingia ubao, mti ukavimba kama ilivyo ada ya mti, saruji isiyojua kuvimba ikaachia, na vipande vikadondoka kimoja kimoja usiku, nami kitandani navisikia kama mtu anayehesabiwa deni lake kwa sauti.

Tangu siku hiyo nakiheshimu kilicho chini kuliko kilicho juu. Meza niliyofaulu nayo ilikuwa na miguu mizima ya chuma na uso wa plaiwudi uliofura ukabanduka kama kitabu kilicholowa. Mchomeleaji aliizungushia ukingo wa chuma cha pembe. Ndani yake nikalaza bati kuukuu, juu ya bati wavu wa kuku, na juu ya wavu zege jembamba, unene wa vidole viwili, lenye mwinamo usioonekana kwa macho ila kwa pimamaji, maana meza ya uani isiyomwaga maji hugeuka dimbwi la mbu. Siku saba niliifunika kwa magunia yaliyoloweshwa na kuimwagilia asubuhi na jioni, hata bibi wa nyumba ya pili akaja kuuliza nimepanda nini. (Meza hiyo, nisisahau kusema, haibebeki tena, watu wanne waliisogeza hadi chini ya mwembe, na hapo itakaa hadi mwembe uondoke.)

Kigae huvunjwa ndani ya gunia, kwa kuwa chembe zake hupenda macho. Nyundo hupiga mara moja katikati, nacho hupasuka kama kitakavyo chenyewe. Koleo hurekebisha pembe na tupa hufuta makali. Vile vya ukutani, vyenye mgongo laini, vina kiu: visipolowekwa kwanza huifyonza saruji maji yake kabla haijashika, ikabaki unga. Vile vigumu vya sakafuni havinywi kitu, na hivyo hutaka gundi yao. Kioo nimekikataa, maana saa saba mchana kingemrudishia mgeni jua lote usoni.

Kisha huja kupanga, pasipo saruji bado, na hapo ndipo siku hupotea. Pembe moja ya meza ile ilinishika siku nne. Kila kipande kina ubavu mmoja unaokubali ujirani na mbavu nyingine zinazoukataa, nawe hukigeuza, hukigeuza tena, hukiweka kando kwa hasira, na kesho yake, ukipita kwa shughuli nyingine kabisa, mkono wako hukiokota na kukitia mahali pake bila ya kushauriana nawe. Nafasi baina yao isizidi punje ya mpunga iliyolala ubavu. Wako wanaonunua boksi jipya wapate kulivunja, au vipande vya mraba vilivyokatwa kiwandani sawasawa. Siwalaumu, ila naona wamelipa fedha ili wakose lile jambo lenyewe, kwa sababu kipande kisichokuwa na tabia hakibishi, na kisichobisha hakikufundishi kukitazama.

Wala asidhani mtu kuwa haya ni mageni kwetu. Kuba za Msikiti Mkuu wa Kilwa zilipachikwa bakuli za kaure kutoka Uchina, na nguzo za makaburi ya Kunduchi na Mambrui zilivishwa bakuli hizo kama vito. Leo mahali pengi limesalia tundu la duara, kwani mikono ya baadaye ilizibandua. Huko Barcelona nako, baina ya 1900 na 1914, msanifu majengo Gaudí na mwenziwe Jujol walilifunika kwa vigae vilivyovunjika na vyombo vilivyotupwa benchi refu la bustani ya Park Güell, lenye kupinda kama nyoka. Nguzo za pwani zina haiba kuu, lakini mimi nalipenda benchi zaidi, kwa sababu linakaliwa.

Rangi ndiyo iliyokuwa shida yangu, maana lundo la mafundi lilinipa maziwa na kahawia tu. Hivyo nikaomba majikoni. Nililetewa sahani yenye mstari wa buluu, kikombe kisicho mkono, na kitako cha bakuli lenye jani la kijani, mali ya bibi yule, kwani bakuli ni kaidi, kitako peke yake ndicho kilalacho. Nilipojaza saruji nyeupe katika mianya na uso wote ukazama katika tope jeupe, yeye alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilifuta kwa kipande cha godoro la sponji, polepole, na jani likatokea la kwanza.

"Bakuli langu hilo," akasema, akaliwekea kidole.

Limebaki pengo moja, ukubwa wa kucha ya gumba, karibu na jani hilo, ambalo nimelijaribia vipande visivyohesabika na vyote vimekataa. Bibi amelichunguza akaniambia, "Mjukuu wangu, kifuniko cha buli langu kina kijani chake hasa." Ni kweli, nimekiona. Lakini bado hakijavunjika, nami sina haraka.