Kamba Iliyomwokoa Nasaba Bora

Ken Walibora hakupaswa kumwacha Mtemi Nasaba Bora ajinyonge. Nililisema hili wakati riwaya yake, Kidagaa Kimemwozea, ilipokuwa ikitahiniwa kwenye KCSE, kuanzia 2013 hadi 2017, na nalirudia kwa kuwa hadi leo kifo kile kinasomwa kama adhabu aliyostahili. Mimi naona mwandishi alimfungulia mhalifu wake mlango wa nyuma.

Hebu tufuate jinsi Mtemi alivyojengwa. Hati za mashamba zimeghushiwa. Chichiri Hamadi ameuawa. Mwanawe, Yusuf, amefungwa kwa kusingiziwa damu ya baba yake mzazi. Kitoto Uhuru kimeachwa mlangoni pa Amani, mchungaji wa ng'ombe, ilhali aliyekizaa na Lowela ni mkuu wa Sokomoko nzima. Zuhura ametalikiwa. Kila deni kati ya haya lina mdai wake, na wadai wengi wako hai, wana majina na sauti. Riwaya yote inajikusanya kuelekea siku ya madai. Na mhusika aliyejengwa hivyo amebakiwa na sura moja tu ambayo hatujaiona: sura yake anapoulizwa na kulazimika kujibu. Tumemwona akiamuru, akipiga, akitongoza, akifukuza. Hatujui angekana vipi, angemtupia nani lawama, wala ni swali lipi lingemkausha koo. Siri zinapofichuka, mwandishi anamkabidhi kamba, na uchunguzi wa nafsi yake unakomea hapo.

Huku Tongaren pengo hilo linaonekana waziwazi. Haya ni mashamba ya walowezi yaliyogawiwa wakulima katika miaka ya 1960, na kesi za hatimiliki zinazofika kortini Kitale na Bungoma huweza kuanzwa na baba zikarithiwa na wana. Mtu wa huku anajua mnyang'anyi wa shamba anavyokaa barazani. Kwanza anacheka. Kisha anasahau tarehe. Halafu anamtaja marehemu fulani asiyeweza kumkanusha, na mwisho anaomba kesi iahirishwe kwa sababu ya presha. Tabia za mtu humo zimo tele! Walibora alizaliwa Bungoma mwaka 1965 akakulia Cherang'any. Watu hawa aliwafahamu, na kalamu ya kuwaandika alikuwa nayo.

Najua nitajibiwa kwa jina la Kezilahabi: mbona Rosa alijiua katika riwaya yake ya Rosa Mistika, na Kazimoto katika Kichwamaji? Jibu langu halijabadilika. Rosa anabanwa na ukali wa baba, kisha na uhuru asiofundishwa kuutumia, kisha na macho ya watu, mpaka njia zote zinafungwa mbele yetu. Kazimoto naye anaanza kukata tamaa na maisha mapema, kwa mawazo tunayoyasikia kutoka kinywani mwake. Vifo vyao vimeandaliwa ndani ya nafsi zao. Nasaba Bora hakupewa matayarisho ya namna hiyo. Mtu aliyeishi kwa kiburi na kuamini kwamba kila kitu kinanunulika angetafuta wakili, angetafuta shahidi wa kununua. Kujinyonga kunataka aibu, na aibu ni kitu ambacho mwandishi hakutuonyesha kikiota ndani yake.

Linganisha na Maksuudi wa Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed ya mwaka 1980. Naye ni mkubwa wa mji, mwenye kudhulumu wanawake na kujifanya mcha Mungu. Mwandishi hamwachii. Anamvua cheo, mali na nyumba, anampitisha jela, kisha anamrudisha barabarani akiwa hana mbele wala nyuma, atazamwe na wale wale waliokuwa wakimnyenyekea. Tunachukizwa naye, tunamwonea huruma, tunajichukia kwa kumwonea huruma. Kwa ufundi wa kumwangusha mhusika mwovu, sijaona riwaya ya Kenya iliyoifikia ile ya Mzanzibari huyo.

Chanzo cha kasoro ni kitu ambacho nimekipigia kelele miaka mingi: majazi, yaani kumpa mhusika jina linalobeba sifa zake. Ukishamwita mtu Nasaba Bora, Majisifu, Imani, Madhubuti, jina linaanza kumfanyia mhusika kazi yake. Miongozo ya fasihi nayo ikazidisha ugonjwa, ikawazoesha wanafunzi kuorodhesha sifa, katili, mnafiki, mzinzi, alama moja moja, bila kuuliza sifa hizo zinagombana vipi ndani ya mtu mmoja.

Na ushahidi kwamba Walibora aliweza zaidi umo katika kitabu hicho hicho. Mwalimu Majisifu ameiba mswada wa Amani. Badala ya kuuawa anaachwa aumbuke mbele ya wasomi wa Wangwani, arudi nyumbani kwa mkewe Dora, aendelee kuishi na aliyemwibia. Ndiye mhusika duara wa kweli humo.

Waliopoteza zaidi kwa kamba ile ni wahusika wengine. Yusuf hakupata kusimama mbele ya aliyemfungisha. Madhubuti, mwanawe Mtemi, ndiye anayeniuma zaidi. Kijana huyu amerudi kutoka masomoni ng'ambo, amekataa jumba la baba, amekataa kazi iliyotafutwa kwa hongo, amechimbua ukweli kuhusu mashamba. Sura baada ya sura anaandaliwa kwa jambo gumu kuliko yote: kutoa ushahidi kortini dhidi ya mzazi aliye hai, anayemtazama usoni, huku ukoo mzima ukimwita msaliti. Siku hiyo ndiyo ingetuambia kama msimamo wake ni wa moyoni au ni wa jina tu, na Walibora, baada ya kuiandaa kwa subira kiasi hicho, akaifuta.