Maua Yaliyotundikwa Mtini

Wapo wanaosherehekea maua ya kwao kwa kuyachora ukutani, na wapo wanaoyafuma kwenye mikeka. Wakonongo wa Inyonga, mkoani Katavi, huyatundika juu ya miti. Kazi yao ya sanaa ni mzinga wa magome, na mgeni anaweza kupita chini yake akidhani ni tawi nene lililokauka. Hauna rangi wala nakshi. Nakshi yake iko ndani, na huliwa.

Fundi wa mzinga huanza kwa kuuchagua mti: myombo, mtundu au muva, uliosimama wima bila vifundo. Kisha husubiri. Gome halikubali kubanduka wakati wowote, linataka majira ya mvua, maji yanapopanda shinani. Hapo hukata duara mbili kuuzunguka mti, ya juu na ya chini, zikiachana kiasi cha mita moja na ushei, halafu huchana mstari mmoja kutoka duara hadi duara na kulibandua gome taratibu, likiwa zima. Ukiwa na haraka linapasuka, na mti umekufa bure. Likishatoka hulikunja tena katika umbo lake la awali, hubana kingo zake kwa vijiti vilivyochongwa, huziba ncha mbili na kuacha tundu la kuingilia nyuki. Ndani hupaka nta ili harufu iwaite. Kamba nayo ni gome. Hakuna msumari hata mmoja, na hakuna kilichonunuliwa dukani isipokuwa shoka na kisu.

Hata hivyo, kuunda bomba la gome ni nusu ya ufundi. Nusu nyingine ni kujua pa kulitundika, na hapo ndipo mrina anapomwacha mbali seremala. Hachagui mti mmoja, anachagua ujirani mzima wa miti: maji yako wapi, upepo unatoka upande gani, tawi lipi nyegere hawezi kulifikia, na zaidi ya yote, ni maua gani yatakayofunguka karibu na hapo, mwezi gani. Pori la miombo lina tabia ya kushangaza watu wa mjini. Kiangazi kikiwa kikali kabisa, Septemba na Oktoba, kabla tone la mvua halijaanguka, mtundu huvaa majani machanga mekundu na kutoa maua yake madogo ambayo wapita njia hawayaoni. Mninga hupasuka kwa manjano karibu na wakati huo huo. Muva husubiri mvua zishike. Chini yao, masika, nyasi zinajaa maua ya vichaka na mimea ya msimu ambayo mengi hayana umaarufu wowote nje ya hapo. Nyuki huyajua, na anayewafuata nyuki hulazimika kuyajua. Ndiyo maana asali ya kabla ya mvua na asali ya baada ya mvua hazifanani kwa rangi wala kwa ladha, ingawa zimetoka kwenye mzinga uleule. Sijui maonyesho mengine ya maua yanayodumu namna hiyo.

Historia ya nchi hii nayo imepita chini ya mizinga. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akimtafuta Livingstone, alikata kusini kupitia Ukonongo kwa sababu vita vya mtemi Mirambo vilikuwa vimefunga njia ya Ujiji. Nta ya misitu ya magharibi ilikuwa bidhaa ya kupelekwa ng'ambo tangu enzi ya Wajerumani. Baadaye, miaka ya 1920 na 1930, serikali ya Waingereza iliwakusanya watu wengi wa misitu hiyo katika makazi ya pamoja kwa kuhofia malale yanayoenezwa na mbung'o. Vijiji vikahamwa, miti ikarudi. Mbung'o aliyewanyima watu ng'ombe ndiye huyohuyo aliyewalinda nyuki dhidi ya jembe, na mwenye mizinga alibaki na sababu ya kurudi porini walikozikwa babu zake.

Lakini tusiupambe mzinga wa magome kupita kiasi. Mti uliobanduliwa gome pande zote hufa, na hesabu hiyo haifutiki kwa sifa. Ndiyo maana wataalamu wanahimiza mizinga ya mbao, na shirika la ADAP la Uswisi limefanya kazi miaka mingi na wafuga nyuki wa Inyonga. Mizengo Pinda, mwana wa Katavi, alipokuwa Waziri Mkuu kati ya 2008 na 2015 aliuhubiri ufugaji nyuki nchi nzima. Naukubali mzinga wa mbao. Ninachokataa ni kumlaumu mrina peke yake huku bani la kukaushia tumbaku likila kuni msimu hadi msimu. Mrina ana sababu ya kuutaka msitu usimame, maana muva ukikatwa, yeye ndiye wa kwanza kukosa.

Kinachoniudhi zaidi ni mwisho wa safari. Asali iliyosomwa mwezi kwa mwezi, ua kwa ua, humiminwa yote kwenye dumu moja kwa kuwa mnunuzi analipa kwa uzito. Ikifika Dar es Salaam inawekwa kwenye chupa iliyokwisha kazi ya maji na kuitwa asali mbichi, basi. Kahawa ya Kilimanjaro hutajiwa mlima wake kwenye pakiti, wala hakuna anayeona ajabu. Chupa ya Inyonga ingeweza kuandikwa mti, mwezi na pori: muva, Mei, Mlele. Mrina anaweza kuyataja hayo kwa kuonja tu, iwapo dumu la kiangazi halitachanganywa na la masika, na iwapo mnunuzi atakubali kulipa bei mbili.