Habari za Wakilindi katika Mizani ya Isnadi

Vijana wetu hapa Horohoro husema historia ya Tanga iliandikwa na Wazungu. Si kweli. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, aliyewatumikia Wakilindi kabla ya kuja Wajerumani, aliandika kwa Kiswahili Habari za Wakilindi. Kilipigwa chapa na misheni ya Magila, kikarudiwa Nairobi mwaka 1962.

Ila tunakisoma vibaya. Kisa cha Mbega, mwindaji wa nguruwe mwitu aliyetoka Nguu akapewa utawala wa Usambara, tunakisimulia kwa fahari kama khabari sahihi. Mwandishi hakumdiriki Mbega; baina yao ni zaidi ya karne, na wapokezi hatuwajui mmoja mmoja. Mwanachuoni wa Hadithi angesimama hapo. Lakini fitina za watoto wa Kimweri, aliyefariki mwaka 1862, aliziishi. Hapo ni shahidi, ingawa (tusisahau) alikula chumvi ya wenyewe.

Steven Feierman alikipima na masimulizi ya wazee wa Kishambaa, akatoa kitabu chake mwaka 1974. Kupima riwaya kwa riwaya ndiyo elimu tunayoisomesha vyuoni kila siku. Kwa nini tumwachie mgeni? Mwenye kujifakhiri kwa Mbega apande kwanza Vuga, akawasikilize wazee.