Ulishaiona Bahari Lini?

Naanza kwa kuungama. Hadithi yangu ya kwanza niliiandika nikiwa kidato cha tatu, hapa hapa Mbeya. Shujaa wake alikuwa anakaa Dar es Salaam, anavaa miwani ya jua, na kila jioni anatembea ufukweni na mchumba wake. Nikampa dada yangu aisome, nikisubiri sifa. Akasoma mpaka mwisho, akanirudishia daftari, akauliza swali moja tu: "We mdogo wangu, bahari ulishaiona lini?"

Sikuwa nimeiona. Nilichokuwa nakiona kila siku ni mlima Loleza, malori ya kwenda Tunduma na akina mama wa viazi pale Mwanjelwa. Lakini hayo nilidhani si mambo ya kitabuni. Kitabu, kwa akili yangu ya wakati ule, lazima kiwe na bahari.

Ndiyo maana vijana wenzangu wanaoandika wakiniuliza, "Tusome nini?", siwatajii vitabu ishirini. Nataja vinne, na kila kimoja nina sababu yake.

Cha kwanza ni Mirathi ya Hatari cha C. G. Mung'ong'o, kilichotoka mwaka 1977. Nilikisoma ndani ya basi nikirudi Mbeya kutoka Iringa, nakala ya kuazima isiyo na jalada. Kijana msomi anarudi kijijini, baba yuko kufani, na mirathi anayokabidhiwa si shamba wala ng'ombe. Ni uchawi. Basi liliposimama Makambako abiria wote wakashuka kununua chochote cha kutafuna, mimi sikushuka. Kilichonishika si uchawi wenyewe, maana habari hizo tunazisikia kila kukicha. Ni kwamba nikiinua macho dirishani naona milima, nikirudi kitabuni naona watu wa milima hiyo hiyo, upande wa Njombe. Kumbe inawezekana! Kasoro kinazo, sikatai: mikasa inakimbizana mno, msomaji hapewi nafasi ya kupumua. Lakini kwa mtu anayeona aibu kuandika kwao, hicho ndicho dawa.

Cha pili ni tamthilia, Mukwawa wa Uhehe ya M. M. Mulokozi, ya mwaka 1979. Hapa watu wa Iringa mnanielewa. Mmekua mkisikia jinsi Wahehe walivyomwua Zelewski na kulivunja jeshi lake pale Lugalo, Agosti 1891. Jinsi Wajerumani walivyoibomoa ngome ya Kalenga mwaka 1894. Jinsi mtawala huyo alivyojiua mwaka 1898 ili asikamatwe. Fuvu lake likarudishwa mwaka 1954, na liko Kalenga. Soma kwanza tamthilia, halafu panda gari uende Kalenga ukalione. Utaona tofauti kati ya habari ya kukariri na mtu mwenye hasira, hofu na washauri wasioelewana.

Sasa angalieni jambo moja. Mulokozi si Mhehe, ni mtu wa Kagera. Kwa hiyo swali la dada yangu halina maana kwamba uandike tu ya dirishani kwako. Maana yake ni: je, umekifanyia kazi unachokiandika? Mtu wa Kagera aliifanyia kazi Iringa. Mimi bahari nilikuwa nimeitoa kwenye picha ya kalenda.

Cha tatu ni Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi (1971), na hapa nina ugomvi. Wengi mnajua kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni, baadaye kikaja kuwa kitabu cha kiada. Kwa ujasiri wa kusema yanayowapata wasichana, bado nakipenda. Lakini rafiki yangu mmoja wa Iringa, binti anayeandika mashairi, hataki hata kukisikia. Anasema, "Rosa anapigwa na baba, anachezewa na wanaume, mwisho anajiua yeye. Kwa nini adhabu yote iwe ya kwake?" Nilimjibu kwamba mwandishi anaonyesha tu jamii ilivyo. Akanicheka. Nimekirudia mara mbili tangu siku hiyo, na kusema kweli jibu langu limeanza kupwaya. Kisomeni, halafu mtuamue.

Cha nne ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali cha Aniceti Kitereza. Ni kinene na kinatembea polepole kama mtu asiye na pa kuwahi. Mke na mume hawajapata mtoto, wakwe wanamchukua binti yao, na mume anahangaika kumrudisha. Basi, ndani ya hapo kuna kulima, kuvua, kupika pombe, kutibu, yote. Kitereza alimaliza kukiandika kwa Kikerewe mwaka 1945. Mchapaji hakupatikana. Akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kikachapwa mwaka 1980. Mwaka 1981 akafariki. Wewe unayelia kwamba muswada wako umekaa miezi minane bila jibu, hesabu hiyo miaka 35.

Sasa tatizo ni kuvipata. Ile nakala ya Mirathi ya Hatari niliazimwa na mwalimu mmoja mstaafu wa Iringa. Aliniambia, "Ukimaliza lete, wapo wengine wanaingoja." Nikawa nasema mwezi ujao, mwezi ujao. Nilipokwenda kurudisha nikakuta ameshazikwa. Kitabu ninacho mpaka leo, na kila nikikiona kabatini moyo unanisuta.

Kwa hiyo nakitoa. Anayekitaka aje achukue, akae nacho wiki mbili, ampe mwingine. Masharti ni moja: unaporudisha, njoo na kurasa tatu ulizoandika mwenyewe. Soko la Mwanjelwa liliungua mwaka 2006, na riwaya yake mimi bado sijaisoma. Reli ya TAZARA inapita hapa tangu miaka ya 1970, riwaya yake pia sijaisoma. Bahari ina watu wake wa kuiandika, na wanaiandika vizuri. Akina mama wa viazi nani atawaandika?