Ningeanza na Mpiga Ridhim

Nikiambiwa niunde bendi ndogo ya jazz ya kupiga hapa Makoko, Musoma, watu sita tu, sitaanza na mwimbaji wala mpiga solo. Hao hawakosekani. Nitamtafuta kwanza mpiga gitaa la ridhim.

Tangu enzi za Morogoro Jazz, iliyoanzishwa 1944, hadi Mara Jazz ya hapahapa mjini kwetu, muziki wetu wa dansi umejengwa juu ya magitaa yanayopishana. Solo inapanda, besi inatembea chini, na katikati yuko huyu jamaa anayerudia kipande kilekile, dakika kumi, bila kukimbia wala kuchelewa. Akiongeza mbwembwe kidogo, anaiziba solo. Akilegea, wachezaji wanakanyagana bila kujua kwa nini. Jicho lake liko kwenye mguu wa mpiga drams. Mkono wa kulia hausimami hata jasho likimwingia machoni. Uzi wa solo ukikatika katikati ya wimbo, yeye na besi ndio wanaoushikilia wimbo mpaka mwenzao afunge uzi mwingine, na ukumbini hakuna anayegeuka. Lakini wakati wa kutunza, noti zinabandikwa kwenye paji la uso la mpiga solo.

Baada ya ridhim ningeongeza besi, drams, tumba, solo na saksafoni moja. Waimbe wenyewe, mwimbaji wa peke yake ni anasa kwa bendi inayosafiri na Noah moja. Na malipo ya ridhim yasipungue ya solo hata shilingi. Hilo ningeliandika kwenye mkataba.